Paneli ya hosting imegoma: tuanze na dalili, tufuate hadi chanzo

Kisakinishi cha paneli (programu ya kusimamia seva ya tovuti kupitia kivinjari, kama cPanel au Hestia) kinaposhindwa huacha sentensi moja fupi chini ya skrini: "Installation failed". Mtu huinakili, huitafuta mtandaoni, hukuta majibu yanayogongana, na huanza kuyajaribu moja baada ya jingine. Saa mbili baadaye seva ina matatizo ambayo haikuwa nayo mwanzo. Nimeitwa kuokoa seva za hali hiyo mara nyingi, na karibu kila mara chanzo kilikuwa kimeandikwa waziwazi kwenye logi (faili la kumbukumbu za usakinishaji), ila mistari mia tatu juu ya pale mwenyewe alipokuwa akisoma.

Kosa la kwanza ndilo mzazi, yaliyofuata ni uzao wake. Kifurushi kimoja kikishindwa kupakuliwa, hifadhidata haiwekwi. Hifadhidata isipowekwa, paneli haiwezi kuunda majedwali yake. Majedwali yasipokuwepo, huduma ya paneli haiwaki, na ujumbe wa mwisho utakaouona utalalamikia huduma isiyowaka. Ukihangaika na huduma hiyo, unashusha homa na kuacha malaria palepale.

Kwa hiyo tafuta logi kwanza. cPanel huiweka `/var/log/cpanel-install.log`. Hestia huiweka ndani ya folda `/root/hst_install_backups/`. CyberPanel hutumia `/var/log/installLogs.txt`, na Virtualmin huacha faili la `virtualmin-install.log`. Ukishaipata, isome kuanzia juu:

```
grep -n -i -E 'error|fail|unable|cannot|denied' /var/log/cpanel-install.log | head -20
```

Angalia vizuri: `head`, si `tail`. Na kama bado hujaanza kusakinisha, fanya mambo mawili ambayo yatakuokoa baadaye. Fungua kikao cha `tmux` au `screen`, ili SSH (muunganisho wako wa mbali na seva) ikikatika katikati kazi iendelee bila wewe. Kisha andika `script /root/usakinishaji.log`, kuanzia hapo kila herufi inayopita kwenye terminali itahifadhiwa, hata ile ambayo kisakinishi chenyewe hakiandiki kwenye logi yake.

Neno moja kabla ya kuingia kwenye dalili. Paneli si programu ya kawaida inayoongezwa juu ya seva. Inachukua usukani wa seva ya wavuti, barua pepe, DNS (kitafuta majina ya mtandao), hifadhidata na ngome (firewall), na nyingi kati yake hazina njia ya kweli ya kuondolewa. Ndiyo maana watengenezaji karibu wote wanataka mfumo mpya kabisa, usioguswa. Usakinishaji ukivunjika katikati, ushauri wangu ni uleule siku zote: tambua chanzo, kiandike, kisha ijenge seva upya kutoka kwenye picha safi ya mfumo (image) na uanze tena ukiwa umekirekebisha. Kuviraka vipande vilivyobaki huchukua muda mrefu zaidi, na hata ukifaulu utabaki na seva usiyoiamini.

## Skripti inakataa ndani ya sekunde chache

Hii ndiyo dalili nyepesi kuliko zote, kwa sababu bado hakuna kilichoharibika. Angalia mambo haya:

```
cat /etc/os-release
uname -m
hostname -f
free -h
df -h / ; df -i /
```

Toleo la mfumo ndilo mkosaji wa kawaida. CentOS Linux 8 iliachwa kutunzwa tarehe 31 Desemba 2021, na CentOS 7 ikafuata tarehe 30 Juni 2024. Hata hivyo bado kuna mafunzo mengi yanayoanza na "chukua CentOS 7". Ukifanya hivyo leo utakutana na `Could not resolve host: mirrorlist.centos.org`, nawe utadhani DNS yako ni mbovu. DNS yako ni nzima. Anwani hiyo ndiyo iliyozimwa. Unaweza kuelekeza mfumo kwenye `vault.centos.org` na vifurushi vikapatikana, lakini utakuwa unajenga nyumba ya wateja juu ya mfumo usiopokea tena viraka vya usalama. Nenda AlmaLinux, Rocky, Debian au Ubuntu, katika toleo ambalo paneli yako imelitaja kwa namba. "Ubuntu" peke yake haitoshi. Paneli inayokubali 22.04 inaweza kuikataa 24.04, na toleo lililotoka juzi mara nyingi bado halijaungwa mkono.

Kama `uname -m` inakujibu `aarch64`, seva yako ni ya ARM. Baadhi ya paneli zinakubali, nyingine, cPanel ikiwemo, zinataka `x86_64` tu. Hapo hakuna ujanja, badilisha seva.

Kuna makosa matatu ya skripti yenyewe ambayo huwachanganya watu bure. La kwanza ni `Syntax error: "(" unexpected`. Maana yake umeandika `sh skripti.sh` ilhali skripti imeandikwa kwa `bash`. Kwenye Debian na Ubuntu, `sh` ni ganda jingine. La pili ni `bad interpreter` pamoja na alama ya `^M`. Faili lilipita kwenye Windows likabebeshwa miisho ya mistari ya huko. Lipakue upya moja kwa moja ukiwa kwenye seva. La tatu ni `Permission denied` ilhali wewe ni `root` na faili lina ruhusa zote. Andika `mount | grep /tmp`. Ukiona `noexec`, hakuna kitu kinachoruhusiwa kuendeshwa ndani ya `/tmp`, na visakinishi vingi hujifungulia humo. Ondoa kizuizi kwa muda:

```
mount -o remount,exec /tmp
```

Na kwa watu wa Debian: ukiingia kama mtumiaji wa kawaida kisha ukaandika `su` bila kistari, tangu Debian 10 unabaki na njia za utafutaji za yule mtumiaji wa kawaida. Matokeo yake `useradd` na wenzake walio `/usr/sbin` "hawapatikani". Andika `su -` na jambo litaisha.

Kisakinishi kikilalamika kwamba seva si safi, kiamini. Hestia, kwa mfano, hukagua kama tayari kuna mtumiaji au kikundi chenye jina la msimamizi inayetaka kumuunda, na picha nyingi za seva huja navyo. Kuna swichi ya `--force` ya kupita juu ya ukaguzi huo. Itumie pale tu unapojua hasa unachokiruka.

## Jina la seva

Nalitenga jambo hili kwa sababu madhara yake hujitokeza wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka siku ya usakinishaji. `hostname -f` inapaswa kujibu jina kamili lenye nukta, kama `seva1.example.com`. Ikijibu `localhost` au `vps-20391`, rekebisha kwanza:

```
hostnamectl set-hostname seva1.example.com
```

Kisha fungua `/etc/hosts` na hakikisha kuna mstari wenye IP ya seva, jina kamili, halafu jina fupi, kwa mpangilio huohuo. Ukiwasha seva upya na jina la zamani likarudi, cloud-init (programu inayoisanidi seva ya wingu inapowaka) ndiyo inayolirudisha. Weka `preserve_hostname: true` kwenye `/etc/cloud/cloud.cfg`.

Halafu kuna kosa ambalo hakuna kisakinishi kitakachokuzuia kulifanya kwa uhakika: kuipa seva jina la domeni tupu, `example.com`, ambayo baadaye ndiyo itakayokuwa tovuti ya mteja. Seva ya barua itaihesabu domeni hiyo kuwa ni yake yenyewe. Barua zinazotumwa kwa mteja zitaishia kwa watumiaji wa mfumo au kukataliwa, huku kila kitu kwenye paneli kikionekana kiko sawa. Ipe seva jina dogo lake peke yake, na usilitumie jina hilo kwa tovuti yoyote.

## Ilianza vizuri, sasa imesimama tu

Skrini haiendi mbele wala haitoi kosa. Usiifunge. Fungua SSH ya pili na uangalie kinachoendelea.

Kama seva ina dakika chache tu tangu iumbwe, huenda mfumo wenyewe bado unajisasisha nyuma ya pazia, umeshika kufuli la vifurushi. Logi itataja `/var/lib/dpkg/lock-frontend`. Watu hulifuta faili la kufuli kwa nguvu. Tafadhali usifanye hivyo: unaweza kuiacha hifadhi ya vifurushi nusunusu. Subiri:

```
cloud-init status --wait
ps aux | grep -E 'apt|dpkg|unattended'
```

Kwenye Ubuntu 22.04, kusimama kunaweza kuwa ni swali unaloulizwa na huoni. `needrestart` hufungua kisanduku cha kuuliza ni huduma zipi ziwashwe upya, na kisakinishi kikiwa kimeficha matokeo ya `apt`, kisanduku hicho hukaa gizani kikisubiri jibu. Anza usakinishaji ukiwa umeshatangaza:

```
export DEBIAN_FRONTEND=noninteractive NEEDRESTART_MODE=a
```

Sababu ya tatu ni IPv6 ya nusu nusu. Seva ina anwani ya IPv6 lakini njia ya kutoka haifanyi kazi, kwa hiyo kila upakuaji hujaribu IPv6, husubiri hadi uchoke, ndipo uhamie IPv4. Ukiona `curl -4` inakwenda haraka na `curl -6` inanyamaza kwenye anwani ileile, umeshampata. Kwa `apt`, ongeza `-o Acquire::ForceIPv4=true`.

Na kama upakuaji unalalamikia cheti ambacho "bado hakijaanza kutumika", angalia `timedatectl`. Saa ya seva iko nyuma.

## "Killed"

Neno moja tu, halafu kimya. Wakati mwingine halionekani hata hilo. Unaona tu namba ya kutokea, 137. Namba hiyo ni 128 kujumlisha 9, na 9 ni ishara ya kuua mchakato bila kuuliza. Aliyeua ni kerneli, kiini cha mfumo, kwa sababu memori imekwisha. Ushahidi huu hapa:

```
dmesg -T | grep -i -E 'out of memory|killed process'
```

Soma jina la mchakato uliouawa. Mara nyingi ni `mariadbd` (hifadhidata) au `clamd` (kikagua virusi cha ClamAV), wala si kisakinishi. Hapo ndipo watu hupotea: kisakinishi kinaendelea mbele kidogo, kinajaribu kuzungumza na hifadhidata iliyokufa, kisha kinakufa na ujumbe unaohusu hifadhidata. Mtu anaanza kubadilisha nenosiri la MariaDB, anaiondoa, anaiweka tena, na kila mara inauawa palepale.

Seva za GB 1 ndizo zinazoumia zaidi. Paneli, Apache au Nginx, PHP, hifadhidata na barua pepe vinaweza kubanana humo, lakini ukiongeza ClamAV umekwisha, maana orodha yake ya virusi peke yake hushika zaidi ya GB 1 ya memori inapopakiwa. Kama memori ni ndogo, zima ClamAV wakati wa kuchagua vipengele. Hii si hasara kubwa kama inavyosikika. Ukaguzi wa virusi unaoua hifadhidata ya wateja hauwalindi na chochote.

Hatua ya pili ni kuweka swapu (sehemu ya diski inayosaidia memori) kabla ya kuanza:

```
fallocate -l 2G /swapfile
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile
echo '/swapfile none swap sw 0 0' >> /etc/fstab
```

Swapu itakuvusha kwenye dakika zile nzito za usakinishaji. Haitageuza seva ya GB 1 kuwa ya GB 4. Ukiona baadaye `free -h` inaonyesha swapu imejaa mchana kutwa, tatizo ni ukubwa wa seva. Na kama `swapon` inakataa kabisa, andika `systemd-detect-virt`. Jibu likiwa `openvz` au `lxc`, uko ndani ya kontena linalotumia kerneli ya wengine, na swapu hupangwa na anayekukodisha. Kwenye kontena kama hizo pia tegemea mgawo wa diski kwa kila mteja kugoma, kwa sababu hiyohiyo.

## "Address already in use"

Kuna aliyekutangulia kwenye poti (mlango wa mtandao wenye namba). Picha nyingi za seva huja na Apache, Postfix au Exim ndani yake.

```
ss -tlnp | grep -E ':(25|53|80|443|3306) '
```

Jina la mchakato liko mwisho wa mstari. Kama ni Apache ya zamani usiyoihitaji, iondoe, au bora zaidi anza na picha isiyo nayo. Poti 53 inahitaji uangalifu zaidi. Kwenye Ubuntu, `systemd-resolved` hukaa kwenye 127.0.0.53, nayo ndiyo inayoitafutia seva majina. Ukiizima kwa haraka ili kuipisha DNS ya paneli, seva haitaweza tena kupata anwani ya kitu chochote, na usakinishaji utakufa kwenye upakuaji unaofuata. Weka `DNSStubListener=no` kwenye `/etc/systemd/resolved.conf`, elekeza `/etc/resolv.conf` kwenye `/run/systemd/resolve/resolv.conf`, ndipo uiwashe upya huduma hiyo.

Hifadhidata ikigoma bila kuuawa na bila kugombania poti, soma `journalctl -u mariadb -n 50`. Karibu siku zote ni diski iliyojaa, au mabaki ya MySQL ya zamani ndani ya `/var/lib/mysql`.

## Usakinishaji umekamilika, lakini ukurasa haufunguki

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko popote, na hapa ndipo dalili zinapozungumza vizuri ukizisikiliza. Kwanza hakikisha unagonga poti sahihi. WHM iko 2087 na cPanel 2083. Plesk ni 8443, DirectAdmin 2222, Hestia 8083, CyberPanel 8090, ISPConfig 8080, Webmin na Virtualmin 10000. aaPanel hujichagulia poti yake. Andika `bt default` ikuambie. Na andika `https://` kwa mkono. Ukiona maneno "The plain HTTP request was sent to HTTPS port", paneli ni nzima, ni wewe uliyeingia kwa `http`.

Sasa tazama kivinjari kinavyoshindwa. Kikikataliwa papo hapo, `connection refused`, kwa kawaida maana yake umefika kwenye seva na hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo. Nenda kwa huduma ya paneli: `systemctl status hestia`, au `cpanel`, au `webmin`. Kikizunguka kwa muda mrefu kisha kikakata tamaa, `timed out`, pakiti zako zinamezwa njiani na ngome. Tofauti hii ndogo hugawa tatizo nusu kwa nusu, kwa hiyo usiipite.

Usiku mmoja nilikaa na seva ya shirika dogo lililokuwa linahamia mwenyeji (kampuni inayokodisha seva) mpya. Usakinishaji wa Hestia ulimalizika bila kosa hata moja. `ss -tlnp` ilionyesha paneli inasikiliza kwenye `0.0.0.0:8083`. Nikiwa ndani ya seva, `curl -kI https://127.0.0.1:8083` ilijibu mara moja. Kutoka kwenye kompyuta yangu, kimya. Nilifungua poti kwenye ngome ya seva, nikaizima ngome yote, nikawasha seva upya, nikarudia usakinishaji mzima. Kimya. Ilikaribia saa tisa usiku nilipofanya nilichopaswa kukifanya tangu mwanzo:

```
tcpdump -ni any port 8083
```

Nikabonyeza kitufe cha kupakia ukurasa upya mara tano, mara kumi. Skrini ya `tcpdump` haikuandika mstari hata mmoja. Hakuna pakiti iliyokuwa inafika. `tcpdump` huziona pakiti zinazoingia kabla ngome ya seva haijaamua kuziruhusu au kuzitupa, kwa hiyo ukimya ule ulikuwa na maana moja tu: kizuizi kilikuwa nje ya seva. Kwenye ukurasa wa usimamizi wa mwenyeji kulikuwa na ngome ya pili, iliyowashwa kwa seva zote mpya, ikiruhusu 22, 80 na 443 tu. Niliongeza mstari mmoja, ukurasa ukafunguka.

Tangu hapo hilo ndilo jaribio langu la kwanza. `tcpdump` isipoonyesha kitu, tafuta nje: ngome ya mwenyeji, au mtandao unaotumia wewe, kwani mitandao mingi ya ofisi hufunga poti zisizo za kawaida. Ikionyesha pakiti zinaingia na hakuna jibu linalotoka, tafuta ndani: `ufw status`, `firewall-cmd --list-all`, au `nft list ruleset`. Na ukihitaji kuingia sasa hivi huku ngome ikiendelea kutafutwa, pita kwenye SSH:

```
ssh -L 8083:127.0.0.1:8083 root@IP_YA_SEVA
```

Kisha fungua `https://127.0.0.1:8083` kwenye kompyuta yako. Njia hii mimi huitumia hata ngome zikiwa sawa, kwa sababu sioni haja ya kuuonyesha ulimwengu mzima mlango wa paneli.

Kuna vyanzo viwili vingine vinavyofanana na ngome. Kama domeni inapita Cloudflare (huduma inayokaa kati ya wageni na seva) ikiwa na wingu la rangi ya chungwa, fahamu kwamba wao hupitisha poti chache tu. 2083, 2087 na 8443 zimo, na 8080 kwa `http` tu. 2222, 8083, 8090 na 10000 hazimo. Ingia kwa IP, au zima wingu kwa jina la seva. Chanzo kingine ni wewe mwenyewe kufungiwa: umekosea nenosiri mara kadhaa, fail2ban imekuwekea kufuli. Dalili yake ni kwamba ukurasa unafunguka kwa simu yenye data na haufunguki kwa mtandao wa kawaida. Kwa SSH ya mtandao mwingine andika `fail2ban-client unban` ikifuatiwa na IP yako.

Onyo la kivinjari kwamba cheti hakiaminiki, mara ya kwanza, ni jambo la kawaida. Paneli imejitengenezea cheti chenyewe. Kivinjari kikikunyima kabisa kitufe cha kuendelea, domeni yako imetangaza HSTS (amri ya kutumia `https` yenye cheti halali tu) kwa majina yake yote madogo. Tumia IP.

## Inafunguka, lakini haikuingizi

WHM na Webmin hutumia nenosiri la `root` la mfumo. Seva nyingi za wingu huja na ufunguo wa SSH tu, bila nenosiri lolote la `root`, kwa hiyo hakuna unachoweza kuandika kikakubaliwa. Andika `passwd`, uliweke. Kwa Plesk, `plesk login` hukupa kiungo cha kuingilia mara moja. Kwa Hestia ni `/usr/local/hestia/bin/v-change-user-password admin` na nenosiri jipya, ukibadilisha `admin` kama ulichagua jina jingine.

Leseni ikikataliwa, linganisha IP iliyosajiliwa na ile ambayo seva hutokea nayo kweli, `curl -4 ifconfig.me`. Seva iliyo nyuma ya NAT (kifaa kinachobadilisha IP njiani) huwa na mbili. Kwa cPanel, ukishasahihisha, endesha `/usr/local/cpanel/cpkeyclt`.

## Cheti cha Let's Encrypt kinakataliwa

Kwa njia ya kawaida, Let's Encrypt (mtoaji wa vyeti vya bure) huja kugonga poti 80 ya domeni yako kutafuta faili dogo. Poti 80 lazima iwe wazi hata kama tovuti yako yote iko 443. DNS lazima iwe imeshaelekea kwenye seva hii. Na angalia rekodi ambayo wengi huisahau:

```
dig +short A seva1.example.com
dig +short AAAA seva1.example.com
```

AAAA (rekodi ya IPv6) ikiwa bado inaelekea seva ya zamani, Let's Encrypt itapendelea IPv6 na kwenda huko, ikute faili halipo. Kwenye kivinjari chako kila kitu kitaonekana sawa kwa sababu wewe unatumia IPv4. Futa AAAA isiyo na kazi.

Usibonyeze kitufe cha "jaribu tena" mfululizo. Majaribio 5 yaliyoshindwa kwa jina moja ndani ya saa moja yanakufungia, na vyeti vya majina yaleyale havizidi 5 kwa siku 7. Anayejenga seva upya mara nyingi wakati wa kujifunza hukumbwa na kikomo hiki cha pili, akadhani paneli imeharibika.

## Tovuti zinakwenda, barua hazitoki

Barua zinaingia, zinazotoka zinarundikana kwenye foleni. Kabla hujagusa usanidi wowote wa Exim au Postfix:

```
nc -vz -w 5 gmail-smtp-in.l.google.com 25
```

Ikikaa kimya hadi muda uishe, mwenyeji amefunga poti 25 ya kutoka. Wenyeji wengi wa wingu hufanya hivyo kwa akaunti mpya ili kuzuia barua taka, na hakuna kitu utakachobadilisha ndani ya seva kitakachoifungua. Waandikie uombe ifunguliwe, au pitisha barua zako kwenye huduma ya kutuma inayopokea kwa poti 587.

Ikiunganika na barua bado zinakataliwa, soma jibu la seva ya upande wa pili kwenye logi; mara nyingi linataja PTR (rekodi inayogeuza IP kuwa jina). Andika `dig +short -x IP_YA_SEVA`. Jibu linapaswa kuwa lilelile jina ulilolipata kwa `hostname -f`, na jina hilo nalo lirudi kwenye IP ileile. PTR huwekwa kwenye ukurasa wa mwenyeji, si kwenye DNS ya paneli, kwa hiyo hata ukiiandika kwenye paneli mara kumi hakuna atakayeiona. Iweke kule, subiri ienee, kisha tuma barua ya majaribio na ufuatilie foleni: `exim -bp` kwa Exim, `postqueue -p` kwa Postfix.